Lango la Ngome ya Kumi na Moja

Siakago,
23 Februari 2003

Kwa mkwe wangu Kiambi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Najua uliniambia kabla hujaondoka nisikuite mkwe mbele za watu. Lakini hapa hakuna watu, ni mimi na karatasi, na jina ulilobeba ni la baba yake marehemu baba yako, mkwe wangu wa kweli. Nikikuita mkwe sijavunja mila ya mtu.

Ulifika salama huko Kaaga? Ulipewa kitanda cha juu au cha chini? Kama ni cha chini, tandika ile shuka ya zamani kwanza, kwa maana humjui anayelala juu yako ana desturi gani. Na sukari usimwonyeshe mtu mahali ulipoiweka. Shule ya bweni ina marafiki wengi sana siku sanduku likiwa limejaa.

Huku mvua bado. Ndengu za jirani yetu Wanjugu zimekauka zikiwa na maua, na mbuzi wake wamekula kamba yangu ya kuanikia nguo. Wanjugu anasema ni mimi niliyeifunga karibu na mbuzi. Tumenuniana siku moja, ya pili akaniletea uji.

Vyumba hivi viwili vilikuwa vikitubana mimi na wewe. Sasa nikikohoa sebuleni nasikia kikohozi kikijibu chumbani.

Kuna jambo sikupata nafasi ya kulisema, kwa sababu tangu Desemba ulipotoka jandoni kwa baba yako mkubwa Salesio tumekuwa kama wageni wawili wanaopishana mlangoni. Ulirudi na sauti nzito na shingo ya baba yako. Hukuvuka tena pazia la chumba changu hata mara moja, na mimi sikukuita. Najua mila ya kwenu, kijana aliyetahiriwa haingii chumbani kwa mama yake. Kwetu Mbeere tuna miiko yetu, lakini mimi niliolewa Meru, na mgeni hushika miiko kuliko wenyewe. Tena Salesio aliniambia wazi mbele ya watu, "Kagure, huyu kijana umemlea juu ya kitanda chako na hivyo vidude vya kubofya. Sasa mwachilie awe mwanaume." Nimekuachilia.

Runinga iko palepale chumbani, maana soketi inayofanya kazi ni ile moja tu na mwenye nyumba ni yuleyule. Mashine ya gemu nimeifunika kitambaa. Padi yako, ile ambayo waya wake tuliufunga utepe, nimeikunja vizuri isikatike.

Wakati mwingine nacheka peke yangu nikikumbuka siku tuliyoinunua kwa Mzee Idrisi pale Makutano, wewe ukiwa darasa la tano. Maandishi yote ya Kijapani! Hata jina la mchezo hatukulijua, tukajitungia ya kwetu. Mimi nikawa Chuma mwenye upanga, wewe ukawa Kimulimuli mwenye taa. Na lile jitu la kutema moto la ngome ya nane tukaliita Inspekta. Mwalimu mzima nikawa namkimbia Inspekta hata kwenye runinga, wewe unanipigia kelele, "Mama rudi kwenye mwanga!" Wanjugu alidhani tumevamiwa.

Basi Chuma na Kimulimuli wako pale pale langoni pa ngome ya kumi na moja tulipowahifadhi siku ile kabla hujaenda kutahiriwa. Nakuambia tu ili ujue. Sisemi ucheze. Mwanaume ana mambo yake.

Soma hesabu, usiniaibishe.

Mimi mama yako,
Kagure


Kaaga, Meru,
9 Machi 2003

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa buheri wa afya. Mimi ni mzima. Dhumuni la kuandika ni kukujulisha kwamba nilipokea barua yako na ninaendelea vizuri na masomo.

Sisi wa kidato cha kwanza tunaitwa mono. Mono huchotea wakubwa maji ya kuoga na hula githeri wa mwisho, wakati maharagwe yameshakwisha yamebaki mahindi tu. Nilipewa kitanda cha juu. Baridi ya huku si kama ya Siakago, naomba unitumie blanketi moja zaidi.

Mama, kuna kitu nataka kukuomba. Barua hapa hufunguliwa na mwalimu wa zamu kwanza, halafu huachwa mezani kwa kiranja wa bweni. Ile yako kiranja aliisoma kwa sauti mbele ya bweni zima. Walicheka sana kuhusu mkwe na kuhusu kitanda chako. Sasa wote wananiita Kimulimuli. Hata mpishi.

Tafadhali usiandike tena mambo hayo. Niliyaacha. Mlezi wetu wa jandoni alituambia vitu vya utoto huachiwa watoto, na mtu akivirudia anajidharau. Kama wewe unataka kuendelea na mchezo, endelea. Mtoto wa Wanjugu anaweza kushika taa, si kazi ngumu.

Mtihani wa hesabu nilikuwa wa tatu.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Kiambi

N.B. Lile lango halifunguki mpaka wote wawili wakanyage yale mawe kwa pamoja. Umwambie asitangulie.


Siakago,
11 Mei 2003

Kwa Kiambi,

Nimekusikia. Lile jina sitaliandika tena, na lile la mkwe pia nimeliweka kando. Samahani kwa kilichotokea bwenini. Sikujua barua ya mama huwa gazeti huko.

Umerudi shuleni na blanketi la pili. Karo nimekamilisha. Sasa nataka tuzungumze kuhusu siku mliyofunga shule mwezi wa nne. Nilikaa nimekupikia ndengu na chapati kuanzia saa saba. Ulifika jua limezama ukaniambia magari yalikosekana Makutano. Nikaamini, nikakupashia chakula.

Juzi siku ya soko, Mwanamisi binti ya Mzee Idrisi alikuja huku kuuza nguo za watoto. Kuniona tu akapaza sauti, "Mwalimu! Huyo kijana wako ni noma! Siku ya kufunga shule si alishinda pale kwetu kwa ile nyumba ya gemu, yeye na wenzake wa uniform. Aliwachapa wote, aki!" Nikacheka naye. Nikamwambia vijana ni vijana, nikanunua soksi za mtoto ambaye sina.

Usidhani nimekasirikia gemu. Nimekasirikia kuchelewa, na uongo wa magari. Ukitaka kucheza na vijana wenzako cheza, lakini sema.

Likizo yote ulilala sebuleni, asubuhi ukikunja blanketi kama askari wa magereza. Tuliongea habari za mbuzi na habari za karo. Hukuniuliza kitu kingine, na mimi sikukuuliza. Jioni nilikuwa nikiwasha runinga kidogo huko ndani. Kama kelele ilikusumbua, unisamehe.

Kuhusu mtoto wa Wanjugu, nimekusikia pia.

Mama yako,
Kagure


Kaaga, Meru,
25 Mei 2003

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo. Nimepokea barua na nimesoma yote.

Kuhusu kuchelewa na kukudanganya, nimekosa na haitatokea tena. Kuhusu kelele, haikunisumbua, nilikuwa nimelala. Nafurahi kwamba umepata mtu wa kucheza naye.

Tutafanya mtihani wa katikati ya muhula wiki ijayo. Naomba kalamu za wino wa bluu, za hapa huvujia mfukoni.

Mwanao,
Kiambi


Kaaga, Meru,
17 Oktoba 2004

Mama,

Natumaini mvua imenyesha huko. Hapa inanyesha mpaka nguo hazikauki.

Naandika kuhusu likizo ya Desemba. Baba Mkubwa Salesio alikuja kunitembelea Jumapili, akaniletea ndizi na maziwa. Amenijengea chumba changu mwenyewe nyuma ya zizi, cha mbao, na kina mlango wake. Anasema kijana wa rika langu kulala sebuleni kwa mama yake ni jambo la kuchekwa, na kwamba mahali pangu ni nyumbani kwa baba yangu. Nimefikiria nikaona ana haki. Hata wewe utapata nafasi ya kupumua.

Nitakuja kukuamkua Krismasi.

Mwanao,
Kiambi


Siakago,
2 Novemba 2004

Kwa Kiambi,

Nenda. Salesio ni baba yako na ardhi ni ya baba yako, sina neno. Chumba chenye mlango wake ni kitu kizuri, hata mimi ningependa kujengewa. Nitamwandikia kumshukuru.

Mvua imenyesha mara moja, ikatuchungulia na kwenda zake. Wanjugu amepanda tena, huyo mama hachoki kudanganywa.

Habari nyingine ndogo. Ile mashine ilikuwa inakula vumbi, nikawaita watoto wa Wanjugu wacheze. Wana mchezo wao wa mpira walioazima sokoni. Wakataka kuhifadhi mechi yao, kumbe ile kadi ya memori imejaa. Mkubwa akaniuliza, "Mwalimu, tufute hii ya zamani?" Nikawaambia futeni, wenyewe walishakua. Ilikuwa kazi ya kubofya mara mbili. Ngome kumi zote, na miaka yetu mitatu, imekwenda kabla maji ya chai hayajachemka. Nakuambia mimi mwenyewe ili usije ukasikia kwa Mwanamisi.

Sasa chumba kimekuwa safi kidogo.

Krismasi nitachinja kuku. Ukikosa nafasi si lazima.

Mama yako,
Kagure


Kaaga, Meru,
14 Novemba 2004

Mama,

Barua nimepata. Niko salama.

Naomba soksi za kijivu, jozi mbili.

Kiambi


Makutano, Meru,
15 Septemba 2013

Mama,

Utashangaa kuona barua. Karani wa posta mwenyewe ameshangaa, ameniuliza kama ni ombi la kazi.

Jana tumeongea kwa simu. Umeniambia malaria imepungua, nimekuambia biashara si mbaya, umeniuliza kama nakula, nimesema nakula, tukaagana. Tangu nimalize shule ni hivyo. Nikija kukuona nakaa kwenye kile kiti cha mbao karibu na mlango, nakunywa chai, naangalia saa. Watu hunisifu huku kwamba namheshimu mama yangu. Kuna jambo siwezi kulisema kwa simu, sauti yangu itanisaliti, kwa hivyo vumilia mwandiko.

Unajua bado niko kwa Mzee Idrisi. Ile nyumba ya gemu aliifunga zamani, siku hizi tunauza nyaya, balbu na swichi. Alhamisi ameingia mama mmoja wa huku juu na mumewe na kijana wao. Kijana ametoka jandoni mwezi uliopita, bado anatembea kwa adabu. Yule mama hata salamu hakumaliza, akaniambia, "Kijana, nikatie waya ya ekstensheni, ndefu ya kutoka bedroom hadi sitting room. TV iko kwangu, na huyu sasa hawezi ingia kwangu. Na mimi na yeye ndio hutazama mpira. Huyu baba yake hulala hata kabla ya goli. Sasa tufanye nini, tuachane?"

Baba yake alicheka. Kijana alicheka. Mimi nikashika waya nikapima nikakosea, nikapima tena nikakosea. Mzee Idrisi akauliza kama jicho limeingia vumbi.

Waya tu, Mama. Kitu ninachouza kila siku, nakikata kwa koleo, nakifunga plagi, nampa mtu anaenda. Sikuwahi kufikiri. Mila inasema nisiingie chumbani kwako. Hakuna mahali inaposema runinga isitoke.

Sasa nitasema yote kwa sababu nimeanza. Ile likizo yangu ya kwanza nilisikia muziki ukitoka nyuma ya pazia. Nilikuwa macho. Nilijua ni muziki wa lango, na lile lango linataka watu wawili, kwa hivyo nikajua umemchukua mtoto wa Wanjugu kama nilivyokuambia. Ni mimi niliyekuambia, na bado nilivuta blanketi kichwani nikauma kidole. Ningesimama tu pale nje nikasema, Mama, leta hiyo kitu huku. Nilikuwa mwanaume wa miezi minne, Mama. Niliogopa kusikika kama mtoto.

Na siku niliyochelewa Makutano, ni kweli niliwachapa wote mpira. Lakini nilikuwa nimeingia kuuliza kama wana ule wetu. Sikujua hata nitautajaje kwa jina. Nilimwambia Mwanamisi, "Ule wa mwenye upanga na mwenye taa," akaniambia hajawahi kuusikia.

Ulipoandika kwamba umewafuta nilikwenda nikajifungia chooni mpaka kengele ya chakula cha jioni. Nilikuwa nimezoea, taa za bweni zikizimwa, kuwaza kwamba hata kama mimi na wewe hatuongei, wale wawili wamesimama pale pamoja. Nikarudi bwenini nikakuandikia soksi. Sikuwa na haja ya soksi. Nilitaka tu barua iwe na kitu ndani.

Najuta, Mama. Nimekaa miaka yote hii nikiita heshima kitu ambacho kilikuwa woga.

Nimekukatia waya kama ule wa yule mama, nimeufunga plagi mwenyewe. Nataka kuja nao mwezi wa kumi. Mashine bado ipo? Kama uliigawa si neno, sema tu. Nitakuja hata hivyo.

Mwanao,
Kiambi


Siakago,
6 Oktoba 2013

Kwa mkwe wangu Kiambi,

Usishangae mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto. Nao unaandika kama mtoto wa chekechea na mimi ndiye mwalimu wake. Nimeianza barua hii tangu yako ilipofika, naandika kidogo kidogo, Wanjugu ananishikia karatasi isiteleze.

Si malaria. Mwezi wa nane nilianguka darasani, chaki mkononi, katikati ya mzunguko wa duara. Upande wa kulia ulikufa. Mguu umerudi kiasi, naburuta. Mkono haujarudi. Daktari anasema tungoje, na mimi najua sauti ya mtu anayesema tungoje.

Sikukuambia. Nisikilize kwa nini. Nilikuwa nimelala chumbani, siwezi kutoka. Ningekuambia, ungekuja. Ungekuja ukasimama sebuleni, mimi niko ndani kitandani, tukaulizana hali kupitia pazia. Mama mgonjwa na mwanawe, na kitambaa katikati. Hilo lilinishinda. Nikaona afadhali malaria.

Sasa la waya. Wako umefanya vema kuukata, lakini usijivune, hukuwa wa kwanza. Mimi nilinunua ekstensheni Machi 2003, baada tu ya ile barua yako ya kwanza. Niliona umeniandikia habari za mawe ya lango kule mwisho, nikasema huyu hajaacha. Nikaenda Embu mjini kuinunua. Nikaiweka chini ya kitanda. Nikasema akija Aprili akiuliza tu, akitaja tu, naitoa. Nisiitoe mwenyewe nikaambiwa namrudisha utotoni. Maneno ya Salesio yalikuwa yamenikaa hapa shingoni.

Hukuuliza. Kila jioni niliwasha mashine nikaongeza sauti. Ulisikia muziki wa lango kwa sababu nilikuwa nimesimama langoni. Sikuwa na mtu. Mtoto wa Wanjugu hakushika padi yako likizo ile, yule hata kalamu alikuwa hajui kushika. Chuma alikuwa peke yake juu ya jiwe lake, na mimi niliketi nikitazama pazia badala ya runinga. Nilidhani umelala. Ulivyokuwa ukikoroma! Kumbe ulikuwa ukijifanya. Wajinga wawili katika nyumba moja, na waya umelala chini ya kitanda.

Kufuta ni kweli. Ningependa kukuambia nilidanganya, lakini ni kweli. Nilitaka ukasirike. Nilijua ukikasirika utakuja, utanipigia kelele kama zamani, na mimi nitatoa ekstensheni. Ukaomba soksi. Nilikwenda dukani nikanunua zile soksi za kijivu nikaketi nazo mapajani nikalia mpaka Wanjugu akaja kuuliza nani amekufa. Nimekuwa nikiwaza hilo kuliko jambo lolote nililofanya maishani, kuliko hata siku ya mazishi ya baba yako, maana yule alichukuliwa na Mungu na wewe nilikufuta kwa neno langu. Unisamehe.

Wanjugu ananiambia nipumzike. Nimekataa.

Juzi niliwaita wanawe, wale wakubwa sasa wana ndevu. Wamehamisha kitanda changu. Kiko sebuleni, chini ya dirisha. Watu wanaokuja kunisalimia wananishangaa, mwanamke mzima kulala sebuleni kama mlinzi. Waache washangae. Hapa hakuna mwiko, Kiambi. Hapa unaruhusiwa kuingia, unaruhusiwa kukaa, na kile kiti cha mbao nimekitoa mlangoni kiko karibu na kitanda.

Runinga pia iko huku. Ekstensheni ilikuwa bado kwenye karatasi yake ya dukani, panya wameila karatasi lakini waya mzima. Inatoka kwenye ile soketi, inapita chini ya pazia. Nilipoona taa nyekundu ya mashine imewaka sebuleni niliomba waniache peke yangu kidogo.

Wako ulete tu. Nitauweka chini ya kitanda, kuwe na kitu.

Ngome zote kumi hazipo tena. Tutaanza ile ya kwanza, ya popo na ngazi, uliyokuwa ukiiogopa. Ila kuna jambo. Upanga unataka mikono miwili, mmoja wa kutembea na mmoja wa kupiga, na mimi nimebaki na mmoja. Nimejaribu padi yako, ile ya utepe. Mwenye taa hutembea tu, na kutembea ni kwa kidole gumba cha kushoto. Chuma sasa ni wewe.

Tukifika langoni usitangulie. Hata kabla ya lango usiende mbali, utaingia gizani, na mimi siku hizi sikimbii.

Njoo.

Ni mimi,
Kimulimuli